Bledi ya Kupasulia Mbao: Ijueni Kabla ya Kununua Mashine

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na sisi watu wa karakana ya mafunzo mbele ya wawakilishi wa vikundi vinavyofikiria kuanza kazi ya kupasua mbao. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya mashine ya kupasua mbao, ile inayohamishika, ambayo inaweza kuvutwa mpaka shambani kwa mwenye miti. Maswali mliyotuletea tumeyasoma. Karibu yote yanauliza juu ya injini. Je, ni ya petroli au ya dizeli? Ina nguvu za farasi ngapi? Inakunywa lita ngapi kwa siku? Ni maswali ya maana. Lakini hakuna hata moja lililouliza juu ya bledi, na katika mashine nzima bledi ndiyo peke yake inayogusa mti. Kwa hiyo leo injini tutaiacha kando kidogo.

Kwanza tuelewane tunasema mashine gani. Kuna pawasoo, ule msumeno wa mnyororo mnaoufahamu. Kuna msumeno wa duara, zile benchi zinazozungushwa na trekta ambazo mafundi huziita dingidongi. Na kuna huu msumeno wa mkanda: bledi ndefu nyembamba iliyounganishwa kama ukanda wa suruali, inayozunguka juu ya magurudumu mawili, ikipita juu ya gogo lililolala. Huu wa mwisho ndio tunaousemea.

Kwa nini vikundi vinautaka? Ni kwa sababu unakula mti kidogo. Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukueni gogo lililokwisha kutolewa mabanzi pande zote nne, likabaki mraba wa sentimita 30. Mnataka mbao za inchi moja, yaani milimita 25. Pawasoo ikipita mara moja hula karibu milimita 9. Mtapata mbao 9. Dingidongi hula kama milimita 6. Nayo itawapa mbao 9, na kipande kitabaki cha kuwashia moto. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 na nusu tu. Mbao ni 11. Mbao mbili zaidi katika kila gogo la namna hiyo! Hizo mbili ndizo zitakazolipa mkopo wenu. Hakuna pengine pesa itakapotoka.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Bledi isiyofaa, au iliyo butu, haiendi sawasawa. Hupanda na kushuka ndani ya gogo kama gari kwenye barabara ya marram baada ya mvua. Ubao unatoka na milimita 22 mahali hapa na milimita 28 mahali pale. Mnunuzi naye si mjinga, hupima pale palipo pembamba. Basi fundi akiona hivyo huanza kuongeza unene, anapasua milimita 28 ili randa ipate pa kulainisha. Rudieni hesabu ile ile kwa milimita 28: mtapata mbao 9. Zile mbili zimekwenda. Mmenunua mashine ya bei kubwa, mmekopa, mmekaa mikutano mwaka mzima, na mko pale pale alipo kijana mwenye pawasoo.

Na msisahau kwamba mti wenyewe hauko msituni ukingoja. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, wanunuzi wengi waligeukia mashambani kwetu. Mgrevilea uliofikia kupasuliwa mbao umekaa miaka 15 au 20 kwenye mpaka wa shamba la mtu. Mama aliupanda mtoto akiwa chekechea, na sasa anauleta kwa kikundi ili alipe karo ya chuo. Mkiuharibu, hatangojea mwingine miaka 20.

Basi tuingie kwenye bledi yenyewe.

Jambo la kwanza ni vipimo vinavyotokana na mashine, wala hapo hamna uchaguzi. Urefu lazima uwe ule ule ulioandikwa kwenye mashine. Kama kibao cha maandishi kimefutika, chukueni bledi ya zamani, itieni alama ya chaki, iviringisheni sakafuni mzunguko mmoja kamili mpaka alama irudi chini, kisha pimeni. Msimpelekee mwenye duka makisio. Upana na unene hutegemea injini na magurudumu. Injini ndogo za nguvu za farasi 13 hadi 20 hivi hufanya kazi vizuri na bledi ya upana wa milimita 32, yaani inchi moja na robo, na unene wa milimita 0.9 hadi 1.1. Ipo ya unene wa milimita 1.4, nayo ni ya injini kubwa. Watu wengi huona iliyo nene ndiyo yenye nguvu, wakadhani itadumu. Sivyo. Kwenye magurudumu madogo bledi nene huchoka upesi kwa kupindwa. Fikirini: bledi ya mita 4 inayokwenda mita 25 kwa sekunde huzunguka mara 6 na zaidi kila sekunde, na katika kila mzunguko hupinda na kunyooka mara mbili. Kwa saa moja ni kama mara 45,000. Chukua waya mnene na waya mwembamba, uvipinde hivyo, utaona upi unakatika kwanza.

Jambo la pili ndilo lenye uchaguzi, nalo ni meno. Hapa tutakaa kidogo.

Kwenye boksi la bledi mara nyingi mtaona namba mbili, kwa mfano 10/30. Namba ya kwanza ni mwinamo wa jino kwa mbele, digrii 10, yaani jino limeinama kiasi gani kuufuata mti. Ya pili ni mgongo wa jino. Jino lenye mwinamo mkubwa huuma mti kwa pupa, kama jembe lililochongoka. Kwenye mti laini na mbichi hiyo ni sifa nzuri. Kwenye mti mgumu au mkavu, jino hilo huvutwa, bledi inayumba, injini inalia. Mti mgumu unataka mwinamo mdogo, wa digrii 4 hadi 7.

Kwa hiyo, kabla hamjaagiza, andikeni ni miti gani iliyo katika mashamba ya wanachama, na ni mingapi. Si miti mnayotamani kupata. Ile iliyopo.

Kama wengi wenu mna msaipresi na msonobari, kule nyanda za juu, chukueni digrii 10. Miti hii ni laini, lakini ina ulimbo unaogandia kwenye bledi. Mgrevilea nao digrii 10 inaufaa ukiwa mbichi. Ukikaa miezi mingi ukakauka, mtaona bledi inaanza kulalamika. Mkaratusi ni hadithi nyingine. Mti mchanga uliokua haraka si mgumu sana, lakini uliokomaa ni mgumu, na zaidi ya hayo una mkazo ndani yake. Ukiupasua, ubao hujikunja kama upinde na gogo hubana bledi. Huo upasueni mapema baada ya kuangusha, mkigeuza gogo mara upande huu mara upande ule ili mkazo utoke sawa, na tumieni mwinamo mdogo. Ndugu zetu wa Ukambani wenye mukau, na wa magharibi ambao bado wana mvule wa zamani, mwinamo mdogo pia. Mvule una ajabu yake: ndani mwake mara nyingine huwa na chokaa iliyoganda ikawa jiwe, na jiwe hilo humaliza meno mara moja. Kule Pwani mtu akiwaletea shina la mnazi mkubali kwa tahadhari, kwa maana sehemu ya nje ni ngumu na hula makali kuliko miti mingi. Bledi ya kawaida haiwezi kukaa nayo siku nzima.

Kikundi chenye miti ya namna mbili kinunue bledi za namna mbili. Zitiwe rangi mgongoni, nyekundu kwa ngumu na kijani kwa laini, ili hata kijana mgeni asikosee.

Pamoja na mwinamo kuna kuseti meno. Tazameni bledi kwa mbele: jino moja limepindwa kushoto, moja kulia, na moja limesimama wima. Kupindwa huko ndiko kunakoifanyia bledi njia pana kidogo kuliko unene wake, isibanwe na mti. Mti laini na mbichi una nyuzi zinazorudi, kwa hiyo unataka nafasi kubwa zaidi, karibu milimita 0.6 kila upande. Mti mgumu au mkavu, milimita 0.45 au 0.5 inatosha. Mtasema hizo ni tofauti ndogo kama unywele. Ndiyo, lakini mbao zitaiona.

Nani atapima unywele? Kipo kifaa cha saa kinachopima kuseti, na kikundi kinachonunua mashine bila kifaa hicho kimenunua nusu ya mashine. Lakini hata kabla ya kifaa, mti wenyewe huwaambia. Shikeni unga wa mbao unaotoka. Ukiwa na uvuguvugu, mambo ni sawa. Ukiwa wa moto na umesagika kama unga wa ugali, meno ni butu au hayakupindwa vya kutosha, na bledi inasugua badala ya kukata. Ukiwa baridi, na ubao una michirizi ya meno na unga umebaki juu yake, mmepinda kupita kiasi. Fundi mzuri hugusa unga kila baada ya magogo mawili matatu. Asiyegusa unga, mwangalieni sana.

Jambo la tatu ni chuma. Kuna bledi za chuma cha kawaida cha kaboni. Kuna zenye metali mbili, mgongo laini na ncha ngumu. Na kuna zile zilizotiwa ncha ngumu kabisa kwenye kila jino. Za ghali hukaa na makali muda mrefu zaidi, hilo ni kweli, na mwenye duka atawaambia hivyo. Hatawaambia kwamba zile za ncha ngumu zinahitaji jiwe maalumu la kunolea, na kwamba msumari mmoja huziua sawasawa na za bei ndogo. Maoni yetu ni haya: kikundi kinachoanza kinunue za kaboni, 10 au 15 kwa pamoja, kuliko 3 za fahari. Mkishajifunza kunoa na kuseti, na mkishajua miti yenu, hapo mtaweza kujaribu nyingine kwa kulinganisha.

Kwa nini nyingi hivyo? Ni kwa sababu bledi haifai kufanya kazi kutwa. Ikikata saa moja au mbili, iondoeni, hata kama bado inakata. Hapo ndipo vikundi vingi hushindwa. Kijana anaona bado inaingia, anasema tumalizie gogo hili, halafu hili, halafu lile. Jino butu linataka nguvu, naye anasukuma. Bledi inapata moto, na nyufa ndogo zinaanza katika yale mabonde kati ya jino na jino. Mhubiri sura ya 10 anasema habari za chuma butu na mtu anayelazimika kuongeza nguvu. Someni mstari wa 10 mkifika nyumbani, utadhani aliwahi kufanya kazi ya mbao. Bledi iliyotolewa mapema hunolewa kidogo tu, na hunoleka mara nyingi. Iliyochelewa hukatika ikiwa bado na nusu ya upana wake.

Mkinoa, setini kwanza, kisha noeni. Na jiwe lipite bonde lote, chini mpaka juu, lisiguse ncha peke yake. Nyufa huanzia bondeni, na kulisafisha bonde ndiko kunakoziondoa zikiwa bado ndogo. Kusiwe na moto wa kugeuza chuma kuwa cha buluu. Wakati wa chakula cha mchana na jioni, legezeni mkazo wa bledi. Pia ifuteni na kuipaka mafuta kidogo, hasa baada ya mkaratusi, maana maji ya mti huo huleta kutu na kutia mbao madoa meusi.

Wakati wa kukata, maji yenye sabuni kidogo yadondoke kwenye bledi. Yadondoke tu, si kumiminika. Kwa msonobari na msaipresi wenye ulimbo mwingi ongezeni sabuni, na ikibidi futeni bledi kwa kitambaa chenye dizeli, mashine ikiwa imezimwa. Dizeli ikizidi huharibu mikanda ya mpira na kuzipa mbao harufu. Hakuna anayetaka kitanda kinachonuka garimoshi.

Sasa adui wa bledi. Mtadhani ni ugumu wa mti. Hapana, ni udongo na misumari. Gogo lililoburutwa na ng'ombe kutoka bondeni limejaa mchanga kwenye magome, na mchanga ni jiwe la kusagia meno. Inueni kichwa cha gogo linapoburutwa, likokoteni juu ya fito, lisuguliwe kwa ufagio mgumu, au toeni magome pale bledi itakapoingilia. Kazi ya dakika 5 ya kijana mmoja inaokoa nusu siku ya bledi.

Kuhusu misumari, jamani, miti yetu ya mipakani tumeifanya nguzo. Tumeipigilia seng'enge, tumeipigilia vibao vya kuuza ng'ombe, na kila uchaguzi ukija inapigiliwa sura za wagombea. Mgombea anasahauliwa, msumari unabaki, na mti unaumeza. Baada ya miaka 10 huuoni tena kwa nje. Tazameni sehemu iliyo kati ya goti na bega la mtu, hapo ndipo seng'enge hufungwa. Tazameni pia kichwa cha gogo baada ya kukatwa: doa la buluu iliyokoza au jeusi mara nyingi ni chuma kilicho ndani. Sumaku ya spika ya redio mbovu husaidia kwa misumari iliyo karibu, lakini ya ndani haioni. Gogo lolote la karibu na boma lifunguliwe kwa bledi ya zamani. Lile la chini lenye mashaka makubwa, kateni mita moja na nusu, mpeni mwenyewe akapikie.

Neno fupi juu ya mikono. Bledi iliyokunjwa ni kama nyoka aliyejikunja. Anayeifungua avae glavu nene, ageuze uso, na watu wasimame mbali. Angalieni meno yanaelekea upande wa kukata, kwa maana bledi inaweza kugeuka ndani nje ikifunguliwa, na mtu akashinda asubuhi nzima akishangaa kwa nini mti hauingii. Mashine ikifanya kazi asisimame mtu usawa wa bledi. Watoto wasiwe karibu, hata kama wamekuja kuchukua mabanzi.

Baada ya mazungumzo tuliulizwa maswali. Tunaandika mawili.

Swali la kwanza: bledi ikikatika, je, fundi wa jua kali anaweza kuichomelea? Jibu letu ni kwamba kuchomelea kwa vijiti vya kawaida hakufai. Pale palipochomelewa huwa pagumu na pakavu kama kioo, na bledi hukatika tena kando yake, pengine mbele ya uso wa mtu. Inahitajika mashine maalumu inayounganisha ncha mbili na kisha kupapasha moto polepole ili chuma kirudie ulaini wake. Na kabla ya kulipia kazi hiyo, pitisheni jicho kwenye mabonde yote mkiwa mmesimama juani. Mkiona nyufa mahali pengine zaidi ya pale ilipokatikia, bledi imekwisha. Chuma chake kinatengeneza visu vizuri vya jikoni.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja mweka hazina, nalo lilinyamazisha ukumbi: mwanachama akileta mti, ukakutwa na msumari, bledi ikafa, nani analipa? Wengine walisema kikundi, kwa kuwa ni wa kwetu. Sisi tulijibu kwamba mwenye mti alipe, awe mwanachama au mgeni, awe mwenyekiti au mjane, na jambo hilo liandikwe kabla gogo halijapanda mashine. Mjane kikundi kinaweza kumsaidia kwa njia nyingine, kwa mfano kumngojea alipe mbao zikishauzwa, au kumkatia katika mbao zenyewe. Lakini kwenye daftari lionekane deni la bledi kwa jina la mti ulioivunja. Kila bledi ipewe namba, na iandikwe: imekata saa ngapi, mti gani, imenolewa mara ngapi, imekufaje. Mweka hazina yule aliuliza kama kurasa mbili kwa mwezi zitatosha. Tulimwambia anunue daftari nene.